Tukishapiga Kura, Tunaenda Ocha?

Mtoto wa miaka minane Nairobi anajua uchaguzi kabla hujamfundisha. Anajua magari yenye spika, anajua fulana za bure, anajua mama hununua unga mwingi na hasemi kwa nini. Nafundisha Gredi ya Tatu huku Eastlands. Muhula wa kwanza wa 2023 nilipoambia darasa kwamba tutapiga kura, swali la kwanza lilitoka dawati la nyuma: "Ticha, tukishapiga kura, tunaenda ocha?"

Hakuwa anatania. Agosti 2022 yeye na ndugu zake walipandishwa basi la usiku. Wazazi wa watoto hawa, wengi walikuwa bado shuleni mwanzo wa 2008. Waliyoyaona hawasimulii. Wanafunga tu mabegi.

Kura yetu ilikuwa ndogo: Ijumaa tucheze mpira ama kati? Kwanza tuliinua mikono. Macho yote yakamgeukia mwenye mpira, kijana mkubwa kuliko wote darasani. Mikono 29 mpira, 11 kati. Nikakumbuka hadithi za mlolongo wa 1988, watu walipopanga foleni nyuma ya wagombea wa KANU mchana kweupe, kila mtu akiona jirani yake amesimama wapi. Na bado kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa mshindi.

Tukarudia, safari hii kwa siri. Boksi ya viatu, karatasi zenye michoro miwili, zamu ya mmoja mmoja nyuma ya kabati la vitabu, alama ya kalamu ya zambarau kwenye kidole. Kuhesabu tulihesabu mbele ya wote, kila upande na wakala wake. Kati 24, mpira 16. Watoto walewale, dakika 20 baadaye.

Matokeo tukabandika mlangoni, vile Fomu 34A hubandikwa kituoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo ya urais yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho. Kesi hiyo sikuwafundisha. Niliwaambia tu, mwenye shaka aende mlangoni asome.

Hapo ndipo shida ikaanza, maana hata kati huchezwa na mpira, na mwenye nao alinuna. "Basi siwapei." Darasa likanyamaza, wote wakinitazama. Nikasema mpira ni wake, hatunyang'anyi mtu. Na Ijumaa ijayo tunapiga kura tena. Anaweza kutafuta watu wake.

Wenzake wakatengeneza mpira wa soksi kuukuu, wakaufunga kwa kamba. Yeye alikaa kwenye ngazi mchezo wa kwanza wote. Wa pili akasimama, akauliza kama kuna nafasi. Msichana aliyekuwa wakala wa kati akamwambia, "Ingia, lakini unaanzia katikati." Hakuna aliyemkumbusha kwamba alishindwa.

Wengi wao watafikisha miaka 18 mwaka 2033. Kabla ya hapo watatutazama sisi wakubwa mara mbili, 2027 na 2032. Ya sanduku na wino nimeshawaonyesha. Ya siku inayofuata, kama duka la jirani litafunguliwa, kama tutamsalimia aliyepigia upande ule mwingine, kama mabegi yatabaki juu ya kabati, hayo watayasoma kwetu nyumbani.