Barua kutoka Ohio: Imeingia, Shemeji!

Ndugu zangu wa nyumbani,

Theluji imeanza kuyeyuka huku, lakini mimi bado nina kinyongo cha blenda. Juzi shemeji yangu wa Morogoro alinipigia simu saa nane za usiku wangu kunishtaki kwamba nimewaletea kimeo. Blenda imetoa moshi, imenuka, imekufa. Nikamuuliza aliichomeka vipi. "Kwa adapta. Iliingia vizuri kabisa."

Chini ya kitako chake pameandikwa volti 120, shemeji. Umeme wa nyumbani ni 230.

Ningeisahau habari hiyo kama si bastola ya jirani yangu. Mama, usishtuke. Huku kuna wazee wanaokusanya silaha kuukuu za majeshi kama sisi tunavyotunza redio ya marehemu babu. Silaha ikifikisha miaka 50 inaweza kuhesabiwa kuwa ya kumbukumbu, na serikali kuu ina leseni maalumu kwa wakusanyaji. Jirani yangu yeye hakununua. Baba yake alipigana Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi na bastola ya Kiitaliano ndani ya begi: Glisenti, ile iliyoingizwa jeshini mwaka 1910.

Jumamosi akanichukua hadi uwanja wa shabaha. Vidole vyake vina baridi yabisi, kwa hiyo akanipa mimi magazini nijaze. Nikavuta kasha lililokuwa karibu, milimita 9 Parabellum, risasi inayouzwa huku kila duka la silaha. Zikaingia moja baada ya nyingine, laini kama kete kwenye bao. "Imeingia, mzee!" nikasema, kifua mbele kama fundi wa Gerezani.

Akaichukua magazini mikononi mwangu polepole, akaanza kuzitoa. "Najua zinaingia," akasema. "Hilo ndilo tatizo lake."

Kumbe Waitaliano walichukua umbo la Parabellum ya Wajerumani, ganda lilelile kwa macho na kwa vidole, wakatia nguvu pungufu. Hawakuwa na namna. Ubavu wa kushoto wa bastola ile ni kifuniko kinachofunguliwa kwa skrubu, yaani nyumba iliyojengwa kuta tatu na pazia. Parabellum ya leo inaruhusiwa presha ya hadi pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Ile yenye alama ya +P hufika 38,500. Ukiipa Glisenti mzigo huo itafyatuka, pengine na ya pili itafyatuka, nawe utasema mbona hakuna kitu. Chuma hakilalamiki siku ya kwanza. Ufa huanza mwembamba kama unywele, mahali usipotazama.

Wala si Glisenti peke yake. Mauser C96, ile yenye mpini kama wa ufagio, hutumia risasi ya milimita 7.63. Warusi walipotengeneza Tokarev waliifuata hiyohiyo, wakaiita 7.62, na mara nyingi ya kwao ni kali zaidi. Ya Kirusi inaingia kwenye Mauser. Na kasha la masalia ya jeshi huwa la bei rahisi, sasa nani kati yetu ataacha cha bei rahisi kinachoingia?

Tusijidhanie peke yetu kwa ubishi huu. Jeshi la Sweden lilikuwa na bastola yake, m/40, na likawa na risasi kali iliyokusudiwa bunduki ndogo ya rashasha. Milimita 9 zote mbili. Bastola zikapata nyufa, na miaka ya 1980 zikaondolewa kazini. Serikali nzima, shemeji, yenye wahandisi!

Walionifurahisha ni wale wa .357 Magnum, mwaka 1935. Ni risasi ya .38 Special iliyotiwa nguvu, presha yake takribani mara mbili. Wakarefusha ganda kwa milimita tatu na kidogo ili lisiingie kwenye bastola za zamani za .38. Walimjua shemeji yangu kabla hajazaliwa.

Maana kwetu swali ni moja tu: imeingia? Regulata ya mtungi wa gesi, imeingia. Chaja ya simu ya mtu mwingine, imeingia. Fyuzi imekatika, tunakunja kipande cha waya, imeingia na taa zimewaka, mnataka nini tena? Huku nimefundishwa kuuliza pameandikwa nini. Uingereza wana jumba la majaribio Birmingham tangu 1813: silaha hufyatuliwa kwanza kwa risasi iliyozidishwa nguvu kusudi, ikipona ndipo hugongwa muhuri. Marekani haina sheria kama hiyo, ndiyo maana wazee kama jirani yangu husoma vyuma kama msahafu.

Kwa hiyo ninyi mliooa na kuolewa huku, mkirithi bastola ya mkwe, ipelekeni kwa fundi wa silaha kabla ya kuitia chochote. Apime chemba na aangalie nyufa. Namba 9 peke yake haisemi kitu. Someni jina lote. Kasha la jeshi lisilo na maandishi mnayoyaelewa liacheni mezani. Atakayewaambia mbadilishe springi muendelee, springi mpya hupunguza kishindo, haiongezi unene wa chuma. Na ninyi wa nyumbani, kabla ya kuchomeka chochote kilichotoka kwangu, kigeuzeni msome kitakoni. Miwani niliwaletea, mnaifungia kabatini kwa ajili ya harusi!

Nasema haya nikimkumbuka babu na gobore lake. Baruti aliipima kwa pembe ndogo ya swala, mara moja, akaifunga. Vijana wakimwambia aongeze ili mlio uwe mkubwa, alikuwa anawauliza nani kati yao ana jicho la akiba.

Nimekwishanunua blenda nyingine hukohuko Kariakoo, kwa simu, ya volti 230. Jana shemeji amenitumia picha kunishukuru. Juisi ya embe imejaa hadi juu, watoto wanacheka. Nikaikuza picha. Plagi ni ya miguu miwili, soketi ni ya matundu matatu, na kwenye tundu la juu kumechomekwa kalamu ya Bic, imesimama wima.

Chini ameandika: "Imeingia."