Uani kwa Furu

Miezi kadhaa sasa kalamu yangu imeacha kuandika beti na kuchora ramani za ujenzi. Ninapanga kuweka tangi kubwa la samaki ndani ya ukuta wa sebule yangu hapa Mwanza, pamoja na chumba cha mitambo nyuma yake. Wengine mtajiuliza mwalimu mstaafu wa Kiswahili ana nini na mapampu. Nawaeleza kwa sababu shughuli hii ilianza kwa neno moja, na ni neno hilo lililonigharimu.

Neno lenyewe ni furu. Mjukuu wangu wa miaka 11 alilikuta katika makala fulani, akaja kuniuliza, "Babu, furu ni nini?" Mtoto huyu amezaliwa na kukulia kando ya Ziwa Victoria. Sato anamjua, sangara anamjua, dagaa ndio usiseme. Nikamwambia furu ni samaki wadogo wa ziwa letu. Akauliza wanafananaje. Nikamwonyesha urefu wa kidole, kisha nikanyamaza. Nililelewa Ukerewe katika miaka ya 1960, nyumba ambayo furu walikuwa kitoweo cha karibu kila siku. Mama aliwapasua, akawaanika juani, wengine akawachoma kwenye vijiti. Hata hivyo, sikuweza kumpa mtoto picha ya samaki ambao nimewala maelfu kwa maelfu. Nilibaki na jina, na jina peke yake halikumtosha.

Furu si samaki wa aina moja. Wataalamu hukadiria kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500. Waganda huwaita nkejje, Wajaluo huwaita fulu, nasi upande huu tunasema furu. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akazaana kupita kiasi katika miaka ya 1980, na furu wakapungua kwa kasi ya kutisha. Inaaminika kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Uvuvi uliokithiri na kuchafuka kwa maji navyo vilichangia. Baadhi ya furu wamerejea tangu wakati huo, na kwenye visiwa vya miamba, kama vile Makobe, wapo bado.

Kuna jambo litakalowafurahisha wapenzi wa lugha. Miongoni mwa furu wa miamba hiyo limo kundi ambalo jina lake la kisayansi ni Kiswahili kitupu: Pundamilia. Lilipewa jina hilo mwaka 1998, kwa ajili ya mistari myeusi iliyo ubavuni mwa samaki hao. Mmoja wao anaitwa Pundamilia pundamilia, na mwenzake Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume la nyererei lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Dume la pundamilia lina rangi ya kibuluu. Majike yao yanafanana mno. Jike huchagua dume kwa kuitazama rangi, na watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakiwa machafu, jike halitofautishi tena, aina zikachanganyika. Jike likishataga hubeba mayai kinywani, halafu watoto pia, mpaka waweze kujitegemea. Nilipomsimulia mjukuu wangu haya alisema, "Babu, nataka kuwaona." Siku hiyo ndipo nilipochukua rula na penseli.

Ramani yangu ya kwanza ilikuwa ya mtu mwenye tamaa: urefu mita 3, upana sentimita 80, kina sentimita 80. Fundi uashi aliitazama, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, umepiga hesabu ya uzito?" Mimi niliyefundisha mizani ya mashairi kwa zaidi ya miaka 30 sikuwa nimepima mizani hii. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi lile lingebeba kilo 1,920 za maji matupu. Tukapunguza hadi mita 2.4 kwa sentimita 70 kwa sentimita 70, yaani lita 1,176. Ukijumlisha vioo vya milimita 15, mawe na mchanga, bado unakaribia au kupita tani 1 na nusu. Kwa hiyo tangi halitabebwa na ukuta. Litakaa juu ya jukwaa la zege lenye msingi wake, na ukuta utatobolewa mbele yake kama dirisha, na lenta yenye nondo juu.

Hapo nilidhani kazi kubwa imekwisha. Kumbe tangi ni sehemu nyepesi ya jambo hili. Maji ya samaki hayakai yenyewe. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara kidogo, unayoiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huhitaji makao, muda wa wiki 4 hadi 6 au zaidi kabla ya kuingiza samaki wengi, na maji yenye hewa yanayopita juu yao mchana na usiku. Makao hayo ni tangi jingine, la chini, lenye machujio. Maji hushuka kutoka tangi la juu kwa kufurika kwenye ukingo, hupita machujioni, kisha pampu huyarudisha juu.

Tangi hilo la chini lilituletea mjadala wa istilahi. Fundi bomba aliliita "sampu", kama wanavyosema makanika. Mimi nikapendekeza "birika", nikimweleza kwamba watu wa pwani hulitumia neno hilo kwa hodhi la maji, kama lile la kutawadhia msikitini. Alicheka hadi akaweka spana chini. "Mwalimu, birika gani la chai litaingia lita 300?" Tangu hapo yeye anasema sampu nami nasema birika, na bomba linafika palepale.

Tatizo lilikuwa ni wapi birika na mitambo vikae. Ukuta mmoja wa sebule hupigwa na jua la jioni, na jua huzalisha mwani kwenye kioo. Ukuta uliofaa ulikuwa mmoja tu, na nyuma yake ni maktaba yangu: chumba cha mita 3 kwa 2.5, kilichojaa vitabu nilivyonunua kimoja kimoja tangu nikiwa Chuo cha Ualimu Butimba. Mke wangu aliniambia mapema kwamba vitabu vihame. Nilikataa. Nikasema mitambo itajibana chini ya meza, katikati ya rafu. Ili nimthibitishie, nikaunda mfano mdogo humo humo: tangi la lita 100 mezani, ndoo ya lita 20 sakafuni kuwa birika, na pampu ndogo.

Siku mbili mfano ulifanya kazi vizuri, nami nikatamba. Usiku wa tatu umeme ulikatika. Mdomo wa mpira wa kurudishia maji nilikuwa nimeuzamisha hadi karibu na chini ya tangi, kwa kuona kwamba hapo hautapiga kelele. Pampu iliposimama, maji yaligeuza njia. Yalivutwa kurudi ndani ya mpira uleule, yakajaza ndoo, yakafurika, na hayakukoma mpaka mdomo wa mpira ulipopata hewa. Alfajiri nilipofungua mlango nilikanyaga maji.

Rafu ya chini kabisa ndiyo iliyolowa, na humo mlikuwa na daftari moja ambalo halina nakala. Mwaka 1984 nilikuwa nikifundisha sekondari karibu na ziwa. Niliwaomba wanafunzi waliotoka visiwani na pwani ya ziwa wawaulize babu na bibi zao majina ya furu. Waliniletea majina 74, ya Kikerewe, Kijita, Kizinza na Kisukuma, kila moja na maelezo mafupi: huyu ni wa miambani, huyu mwekundu tumboni, huyu hufuata mvua. Nilidhani nimeandika orodha ya msamiati. Sikujua kuwa baadhi ya samaki wale walikuwa katika miaka yao ya mwisho. Niliandika kwa kalamu ya wino wa maji, kama tulivyozoeshwa.

Mke wangu hakunilaumu. Aliketi sakafuni pamoja nami tukatenganisha kurasa, tukaziweka kati ya magazeti, tukazipiga pasi isiyo moto sana. Ilituchukua siku 2. Majina 43 yanasomeka. Mengine 31 yamebaki madoa ya buluu, na kwa mengi kati ya hayo maelezo yamesalia bila jina. Najua kwamba kulikuwa na furu aliyefuata mvua. Alivyoitwa sijui tena, na mzee aliyemtaja amekwisha kufariki.

Tulipomaliza ukurasa wa mwisho, mke wangu alisema, "Mwalimu, uliwaweka chumba kimoja, mmoja anaishi kwa maji na mwingine anauawa na maji. Vitabu vije chumbani kwetu. Hapa pawe uani kwa samaki."

Nimefundisha tamathali za usemi maisha yangu yote, na sikuwa nimeona neno zuri kama hilo likitua mahali pake. Sebuleni hupokelewa wageni. Uani ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa na kuoshwa vyombo, nako ndiko nyumba inakoishi. Mgeni haoni uani, lakini siku uani ukilala, sebule haina cha kumpa mgeni. Mimi nilikuwa nimepanga sebule tu, na uani nikautafutia nafasi chini ya meza. Daftari langu nalo nilikuwa nimelifanyia vivyo hivyo: nilijivunia kuwa nalo kwa miaka 40, wala sikuwahi kuketi jioni moja kulinakili.

Basi ramani ya sasa imeanzia uani. Chumba kizima ni cha mitambo. Sakafu itainamishwa kuelekea tundu la kutolea maji, na mlangoni patakuwa na kizingiti cha sentimita 10. Mpira wa kurudishia maji utakuwa na tundu dogo karibu na uso wa maji, ili umeme ukikatika hewa iingie na mvuto ukome. Birika halitajazwa hadi juu: sentimita 2 za maji juu ya tangi ni takriban lita 34, na ukiongeza yaliyomo mabombani, nimeacha nafasi ya lita 60. Soketi zitakuwa juu, na kila waya utashuka chini ya soketi yake kabla ya kupanda, ili tone likitiririka liangukie sakafuni. Patakuwa na betri ya kuendesha pampu ya hewa usiku wa giza, dirisha la wavu la kutolea unyevu, na tangi la lita 500 ambamo maji ya bomba yatatulia huku yakipulizwa hewa hadi klorini itoke. Maji tutakayopunguza kila wiki yatakwenda kwenye migomba. Na nimeacha nafasi ya mtu mzima kusimama wima mbele ya kila koki, maana magoti ya miaka zaidi ya 60 hayapendi kutambaa.

Samaki watakuwa wa aina moja tu, nyererei, ili damu isichanganyike. Nitawapata kwa kibali cha ofisi ya uvuvi, na wakishaingia tangini hawatarudishwa ziwani. Tangi moja haliponyi ziwa, na sijidanganyi. Nataka tu mtoto mmoja akiulizwa furu ni nini, aweze kunyoosha kidole.

Daftari nimeanza kulinakili. Kila jioni mjukuu wangu husoma jina kwa sauti, nami naliandika upya mara 2, nakala moja yangu na nyingine yake. Penye doa tunaandika maelezo na kuacha mstari mtupu. Ninyi mlio na wazee Ukara, Musoma, Bukoba, Kisumu au kwingineko kando ya ziwa, waulizeni wangali wapo: furu yule aliyefuata mvua aliitwaje? Nimemwekea nafasi.

Mgeni yu sebuleni, samaki awatazama,
Kazi hufanywa uani, bila ya hata kukoma,
Na jina la kitabuni, lisiponenwa huzama,
Furu, rudi kiooni, jina lipate uzima.