Maandalizi ya Safari ya Ng'ambo

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha maliza shule, watu wengi wakisikia habari za safari ya utume nchi za ng'ambo hufikiri meli na ndege. Kwetu Cyangugu ng'ambo ni karibu mno. Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu papa hapa, na mtu akivuka daraja kwa miguu amekwisha ingia Bukavu, nchi ya Kongo. Hata hivyo safari hiyo fupi yataka maandalizi marefu.

Mwezi wa Novemba 2024 kwaya yetu ya vijana ilialikwa na kwaya moja ya Bukavu tuimbe pamoja nao Pasaka itakayofuata. Tulikuwa waimbaji 24, tukakutana kila Jumamosi.

Kwanza lilizuka shauri la mizigo. Wengine walitaka tukusanye nguo na sabuni za kuwapelekea wenyeji. Mzee katekista akauliza, "Je, wameziomba?" Tukanyamaza. Akatuagiza tuwaandikie barua. Jibu lilipokuja, waliomba tujifunze nyimbo zao mbili za Kiswahili, nao watajifunza mbili zetu za Kinyarwanda. Sabuni hawakuitaja.

Basi ikaja kazi ya lugha. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini wenzetu wa milimani hawakukizoea. Walimu wetu wakawa vijana wanaouza sokoni Kamembe. Walitufundisha kwamba huko tutasikia "batoto" mahali ambapo kitabu chetu husema "watoto", na kwamba mgeni hacheki maneno ya mwenyeji wake.

Jumamosi moja Padri alitueleza mambo ya zamani. Mwaka 1994 watu wengi mno wa kwetu walikimbilia Bukavu. Mwaka 1996 vita viliufikia mji ule, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa humo tarehe 29 Oktoba. "Mtakaa na watu waliofiwa," akasema, "na ninyi pia mmefiwa. Msiende kama walimu." Siku ile hatukuimba. Mama mmoja alikataa kutia sahihi barua ya ruhusa ya mwanawe, wala hapana aliyemlaumu.

Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Safari yetu ikavunjika. Kwa siku kadhaa tulipiga simu bila kujibiwa. Hatimaye kiongozi wa kwaya yao akatuletea habari: walikuwa wazima, ila mwimbaji mmoja wa besi alikuwa amekimbia na hawakujua yuko wapi.

Tarehe 20 Aprili, siku ya Pasaka, tuliziimba nyimbo zao mbili katika kanisa letu. Yule mama aliyekataa alikuwa kiti cha mbele, akiimba pamoja nasi.

Wako wanaosema kuwa tulipoteza miezi mitatu bure. Mimi siafiki. Kama maandalizi yetu yangalikuwa kufunga mizigo tu, tungaliifungua na kusahau. Lakini sasa tunao watu upande wa pili tunaowajua kwa majina, na kila Jumamosi twauliza kama yule wa besi ameonekana. Kwa hiyo, wenzangu, mkijaliwa kutayarisha safari ya namna hii, anzeni kwa kuwauliza wenyeji, kisha sikilizeni jibu lao. Mizigo itafuata baadaye.