Ngao ya Kasia

Sisi tunaokaa Firenze tumezoea kupita chini ya ngao za watu wengine. Zimechongwa juu ya milango, kwenye pembe za nyumba, hata makanisani juu ya makaburi, na kwa miaka mingi tulizipita kama tunavyozipita nguzo za umeme. Mpaka siku mwanetu, aliyekuwa mwaka wa kwanza wa shule ya kati, aliporudi na kazi ya nyumbani: kila mtoto alete nembo ya ukoo wake, iliyochorwa kama zile za Italia ya karne ya 14.

Kosa letu lilikuwa kukimbilia dukani. Katika duka moja la watalii mwuzaji aliandika jina letu kwenye kompyuta, ikatoka karatasi nzuri yenye simba, kofia ya chuma na taji. Tukalipa euro 30. Usiku kijana aliitazama sana, kisha akauliza, "Baba, huyu simba tulimpata wapi?" Ilikuwa nembo ya ukoo mwingine kabisa, ambao jina lake linakaribiana na letu kwa herufi tu. Tuliona haya. Mtoto angesimama mbele ya wenzake kusema uongo tulioununua sisi wazazi wake.

Basi tukaanza kusoma. Aliyetutoa kwenye aibu ile ni Bartolo da Sassoferrato, mwanasheria aliyefundisha Perugia na kufariki mwaka 1357, akaacha kitabu kidogo juu ya nembo. Kwake yeye nembo ni kama jina: imewekwa ili watu watambulike. Kwa hiyo mtu yeyote aweza kujitwalia yake, ila asichukue ya mwenzake akamletea madhara. Bartolo mwenyewe alipewa yake na Kaisari Karl wa Nne, simba mwekundu mwenye mikia miwili juu ya dhahabu, lakini hakusema kupewa ni sharti. Tulisoma mahali hapo mara mbili, karatasi ya duka ikaingia kwenye droo.

Jumapili tukaenda naye Bargello, ambako kuta za ua zimejaa ngao za watawala na mahakimu wa mji wa zamani. Kilichotushangaza ni jinsi nyingi zilivyo sahili: mstari mmoja, mnyama mmoja, rangi mbili. Tena nyingine husema jina la mwenyewe. Akina Colonna wa Roma wana nguzo, akina Della Scala wa Verona wana ngazi, akina Carrara wa Padova wana gari la kukokotwa. Hata akina Scrovegni wa Padova walibeba nguruwe jike, kwa kuwa jina lao linafanana na neno la mnyama huyo. Kijana alicheka mpaka mlinzi akageuka.

Jina letu linatokana na kasia, maana babu alikuwa mvuvi. Jambo lingekuwa rahisi, lakini mezani kila mtu alikuwa na lake. Mama alitaka jahazi, mnazi, karafuu na Kilimanjaro, kila kimoja na chumba chake, na chini methali kama jina la kanga. Kijana alitaka taji. Tulibishana hadi chai ikapoa. Hatimaye tulikubali kwamba ngao ile ilikuwa ya kutambuliwa kwa mbali na mtu aliyepanda farasi, asiye na nafasi ya kusoma methali.

Rangi nazo zina sheria. Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, ni madini. Nyekundu, bluu, nyeusi na kijani ni rangi. Rangi haiwekwi juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Tulidhani ni ukaidi wa wazee wa zamani tu, mpaka tulipobandika kasia la kijani juu ya bluu mwisho wa korido na kurudi nyuma. Halikuonekana. La njano lilionekana hata mlangoni.

Kisha, bila kutuambia, kijana akaongeza juu tai mweusi kwenye utepe wa dhahabu, alivyomwona ukutani. Hapo ilibidi tumzuie. Kichwa cha ngao chenye tai kilikuwa cha Waghibelini, wa upande wa Kaisari; chenye mayungiyungi ya dhahabu na reki nyekundu juu ya bluu kilikuwa cha Waguelfi, wa upande wa Papa na wafalme wa Anjou. Watu walifukuzwa mijini mwao kwa mambo hayo. Firenze yenyewe, Waghibelini walipofukuzwa mwaka 1251, iligeuza rangi: yungiyungi jeupe juu ya nyekundu likawa jekundu juu ya nyeupe. Sisi tumekuja juzi tu, kwa nini tuingie ugomvi wa wenyewe? Tai akafutwa, kwa machozi kidogo.

Ikabaki ngao ya bluu iliyochongoka chini, na kasia moja la dhahabu limesimama wima. Mwalimu aliuliza ni ya nani. Kijana akalitaja jina letu lote, akaeleza maana yake, akaketi.

Picha tuliituma nyumbani. Bibi alipiga simu jioni ileile. Alifurahi, ila alikuwa na swali moja: kasia la marehemu lilikuwa la mti mtupu, tena limepasuka ubavuni, sasa hiyo dhahabu mtoto kaitoa wapi?