Asali ya Baringo na Bei Yake

Msafiri atokaye Nakuru akielekea kaskazini huvuka mstari wa Ikweta karibu na Mogotio, kisha barabara humshusha polepole katika nchi ya joto, yenye mawe, migunga na mbuzi. Baada ya mwendo wa kilomita 100 hivi hufika Marigat, mji mdogo wa Bonde la Ufa, mahali njia zinapoachana. Moja yapanda Milima ya Tugen mpaka Kabarnet, na nyingine yaendelea kuelekea Ziwa Baringo.

Katika sehemu hizo msafiri huona kando ya barabara meza za miti zilizopangwa chupa zinazong'aa juani, nyingine rangi ya dhahabu, nyingine kahawia. Ni asali. Chupa zenyewe si za namna moja. Kuna zilizokuwa za pombe kali, kuna zilizokuwa za soda, na kuna za maji ya kunywa. Hapana mizani, wala hapana maandishi. Mwenye gari huteremsha kioo, huuliza bei, huomba apunguziwe, hulipa, naye huenda zake.

Asali hiyo haikufika mezani kwa bahati. Nchi ya chini ya Baringo hupata mvua chache, na mahindi huweza kumwangusha mkulima mwaka baada ya mwaka. Lakini migunga hutoa maua hata pale shamba linaposhindwa, na nyuki hawahitaji kulimiwa wala kununuliwa mbolea. Hata mti wa mathenge, ulioletwa huku katika miaka ya 1980 na ambao wafugaji wa mbuzi wanaulalamikia sana kwa miiba yake na kwa kuziba malisho, una maua ambayo nyuki huyapenda. Kwa hiyo tangu zamani Watugen wametundika mitini mizinga ya magogo yaliyotobolewa, na asali ilikuwa chakula, dawa na kitu cha heshima katika sherehe. Siku hizi pamoja na magogo hayo kuna mizinga ya mbao yenye fito juu, ambayo ilibuniwa nchini Kenya katika miaka ya 1970, na mingine ya fremu iitwayo Langstroth.

Kazi ya kurina asali, basi, watu wa Baringo wanaijua vizuri. Palipo na hasara ni baada ya kurina, yaani katika kupima, kutaja bei na kuuza.

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Neno hilo ni kweli kijijini, ambako mnunuzi anamjua mrinaji, anaujua mzinga wake, na akidanganywa anajua nyumba ya kwenda kudai. Lakini mnunuzi wa Nairobi, aliye mbali kilomita 260 hivi, hamjui mtu yeyote kati ya hao. Amesikia kwamba asali huchanganywa na sukari, naye huogopa. Ndiyo maana huwasha kiberiti kilichochovywa katika asali, au huidondosha ndani ya maji, ingawa majaribio hayo hayawezi kuthibitisha chochote kwa hakika. Na mtu mwenye shaka hatoi bei nzuri.

Jambo la kwanza ni uzito. Wengi hupima asali kwa chupa au kwa debe kana kwamba ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, bali lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Tuseme mfugaji ameazimia kuuza kilo moja kwa shilingi 600. Akijaza chombo cha lita moja na kukiuza kwa shilingi 600, amempa mnunuzi gramu 400 bure. Debe la lita 20 lina asali ya kilo 28 hivi. Akilihesabu kuwa kilo 20, amepoteza kilo nane, ambazo kwa bei hiyo ni shilingi 4,800. Hata ile chupa ya mililita 750 iliyokuwa na pombe, ikijazwa, ina asali ya kilo moja na zaidi kidogo. Mizani ndogo hurudisha gharama yake upesi.

Jambo la pili ni hesabu yenyewe. Bei isifuate ya jirani tu. Mfugaji aandike gharama ya kuchuja, ya chupa na kifuniko, ya nauli, na ya siku alizofanya kazi, kisha aongeze faida yake. Akiuza pia kwa mwenye duka, akumbuke kwamba huyo naye atatafuta faida; kwa hiyo kuna bei ya jumla na bei ya rejareja. Asiuze barabarani kwa bei ya chini kuliko dukani kiasi cha kumwaibisha mwenye duka, maana hataagiza tena. Nta nayo isitupwe, kwani ina wanunuzi wake.

Jambo la tatu ni kibandiko. Watu wengine hukiona kuwa pambo la matajiri. Lakini Wakamba wa Kitui, ambao nao ni mabingwa wa nyuki, wana desturi ya zamani ya kuchonga alama juu ya mizinga yao ili ijulikane ni ya nani. Kibandiko ni alama hiyo hiyo, ila imetoka juu ya mti na kusafiri na asali mpaka mezani kwa mgeni. Yafaa kionyeshe jina la mfugaji au chama chake, mahali asali ilipotoka, tarehe ya kurina, namba ya fungu, na uzito wa asali bila chombo. Kieleze pia kwamba asali ikiganda haikuharibika, na kwamba chupa yaweza kuwekwa katika maji ya uvuguvugu mpaka iyeyuke. Tena kionye kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwa kuwa yaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Anayetaka kuuza madukani hupaswa kupata alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Na kwa mtu mmoja mzigo huo ni mzito, lakini chama cha ushirika chaweza kuubeba.

Bali kibandiko kizuri juu ya asali mbaya ni aibu iliyoandikwa jina. Kwa hiyo masega yarinwe yakiwa yamefunikwa na nyuki kwa nta, kwani asali changa ina maji mengi; ikizidi asilimia 20 ya maji, huchacha. Moshi usizidi, asali isipikwe motoni, isiwekwe katika debe lenye kutu, na kifuniko kifungwe barabara, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewani.

Mfugaji afanyaye hayo hana haja ya kubishana sana na mwenye gari. Mnunuzi akiipenda chupa ya kwanza, kibandiko kitamwambia ya pili aitafute kwa nani; na akiona kasoro, atajua pa kuuliza. Hapo ndipo jina la Baringo litakapomfaa mrinaji mwenyewe, badala ya kumfaa mchuuzi anayenunua kwa debe na kuuza kwa kilo. Fuata nyuki ule asali, walisema wazee. Na anayetaka kuiuza, aifuate mpaka kwenye mizani.