Maporomoko Penye Umeme: Snoqualmie na Thika

Mitambo ya zamani ya umeme wa maji ilijengwa penye maporomoko kwa sababu iliyo wazi: hapo mto hushuka wenyewe. Ukuta mfupi huzuia maji juu, bomba huyapitisha kando ya genge, nayo huzungusha mtambo chini kabla ya kurudi mtoni. Kila tone linalopita bombani ni tone lisiloonekana likianguka.

Nairobi ilipata umeme wake wa mwanzo kwa njia hiyo, kutoka Mto Ruiru, chini ya Nairobi Power and Lighting Syndicate. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ile ya Mombasa, ikazaliwa East African Power and Lighting. Katika miaka hiyo ya 1920 kituo kidogo cha Ndula, cha takriban megawati 2, kilijengwa kwenye Mto Thika.

Karibu na Seattle, mji wa Marekani wenye Wakenya wengi, yapo maporomoko ya Snoqualmie, yenye kimo cha mita 82. Kituo chake cha kwanza, cha mwaka 1899, kilichongwa ndani ya mwamba chini ya ardhi. Leseni huilazimu kampuni ya umeme kuacha kiasi fulani cha maji kianguke, na kampuni hiyohiyo hutunza jukwaa la kutazamia na njia ya kuteremka hadi chini. Mgeni halipi kiingilio, wala hahitaji kumjua mtu.

Upande wa mji wa Thika, Kenya, njia ni watu. Anayekwenda Fourteen Falls, kwenye Mto Athi, hupanda matatu ya Barabara ya Garissa hadi Kilimambogo, kisha bodaboda. Akifika, vijana wa hapo humvusha kwa mashua na kumwonyesha jiwe la kukanyaga na lile linaloteleza. Wanaujua mto kuliko kibao chochote, na ujira wao hubaki kijijini. Lakini bei hutegemea maelewano. Kiangazi maji hupungua na miamba huachwa wazi, huku povu na chupa za plastiki kutoka kwenye taka za Nairobi zikinasa kwenye mawe. Mvua za Machi hadi Mei hurudisha ngurumo, na pia hatari: mvua ikinyesha mbali juu, mto hujaa ghafla hata kama Thika kuna jua.

Penye kituo cha umeme sharti huongezeka. Hapo ni mahali pa kazi, na ruhusa ya mwenye kituo hutangulia safari.

Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inatambua kwamba sehemu ya maji ya mto ni akiba ya mahitaji ya watu na ya mazingira, hivyo msingi wa kisheria upo. Kinachokosekana ni njia iliyochongwa vizuri, bei iliyobandikwa na mto usiobeba uchafu. Serikali za kaunti zianzie hapo, na vijana wa mashua waajiriwe kwanza.