Isindu wa mjomba na pesa za mtihani

Pengine wewe, msomaji, ulimjua kware mwaka 2013, nchi iliposhikwa na wazimu wa mayai yake. Unakumbuka? Yai moja dogo lenye madoadoa liliuzwa hata shilingi 100. Watu walichukua mikopo, wakajenga vibanda nyuma ya nyumba, na ilipofika mwaka 2014 soko likaanguka. Kuna waliobaki wakikaanga mayai hayo asubuhi na jioni kwa kukosa pa kuyapeleka.

Sisi wa magharibi tulitazama mambo hayo tukicheka chini chini. Ndege huyo tunamwita isindu, Wajaluo humwita aluru, na ukifungua kamusi utamkuta kwa jina la tombo. Kwetu alikuwa mgeni wa kila mwaka tangu enzi za mababu. Hatukumjengea banda. Tulimwita, naye akaja.

Alivyoitwa ndiko nilikojifunzia subira, na aliyenifundisha ni mjomba wangu wa Butere, katika kaunti ya Kakamega ya leo. Mwaka huo ulikuwa 2002. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa haijarudi, ikaja kurudi Januari 2003. Nilikuwa darasa la nane, nami nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa kukosa shilingi 200 za mtihani wa majaribio. Mama hakuwa nazo. Alinituma kwa ndugu yake, naye alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwiwa, wewe huamka saa ngapi?"

Wengi wakisikia Kakamega hufikiria msitu tu, lakini usimtafute isindu msituni. Yeye ni wa uwazi: nyasi, mashamba ya wimbi, na makonde yaliyolazwa. Ni mdogo, hafiki hata gramu 100, na dume lake lina kifua cheusi kilichochanganyika na hudhurungi, na koo jeupe lililochorwa mistari myeusi, utadhani amevaa tai. Husafiri usiku akifuata mvua. Masika yakishainua nyasi, ndipo naye hufika.

Mjomba alikuwa na vitundu kumi na viwili alivyovisuka mwenyewe kwa fito, na ndani ya kila kimoja alikaa isindu mmoja aliyefugwa kwa kazi ya kuita. Hao aliwatunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Waliletewa mchwa na wimbi uliopepetwa, maji yalibadilishwa kila siku, na paka wa jirani alipigwa marufuku kukanyaga ua ule. Shangazi, mkewe, alikuwa akisema kwamba angezaliwa isindu angepata mume mwema zaidi. Mwitaji mzuri, mjomba alinieleza, hanunuliwi sokoni. Humjui mpaka umemsikiliza misimu miwili.

Jioni tulivitundika vitundu kwenye mlingoti mrefu katikati ya konde lililolazwa, kimoja juu ya kingine, kama taa za gati. Kisha tukapiga magoti. Kuzunguka mlingoti mjomba alifyeka vijia vyembamba nyasini, visivyozidi upana wa kiganja, na katika kila kijia akatega tanzi za singa za mkia wa ng'ombe. Mimi nilidhani ndege atashuka kutoka angani. La hasha! Isindu akisikia mwenzake anaita hutua mbali, akaja akikimbia chini chini, tena hupenda njia iliyokwisha kufunguliwa kuliko kupasua nyasi mwenyewe. Mtegaji anachofanya ni kumrahisishia safari.

Saa kumi alfajiri aliniamsha kwa kunigusa mguu. Hatukuwasha tochi. Tulikaa kwenye magunia kandokando ya konde, umande ukitulowesha mpaka magotini, na mjomba akanikataza hata kukohoa. Mwitaji wa kwanza akaanza, wa pili akajibu, na muda si muda mlingoti mzima ukawa unapigia kelele giza. Baadaye nikasikia sauti nyingine, hafifu, kutoka upande wa reli. Mjomba alinyoosha kidole kimoja. Akasikia nyingine, akanyoosha cha pili. Alihesabu hivyo bila kusema neno, na vidole vya mikono yote miwili vilipokwisha, alinishika mkono akaendelea na vyangu.

Kulipopambazuka tulitoa ndege thelathini na mmoja. Msimu ule wote, aliniambia, hakuwa amepita kumi na tano kwa siku. Majike manne aliyapapasa tumbo, akayaachilia palepale kwa kuwa yalibeba mayai. Nilinung'unika moyoni, maana kichwani kila ndege nilikuwa nimeshamgeuza kuwa shilingi kumi. Alichagua dume mmoja wa kujaribiwa uitaji, sita wakaenda kwa shangazi kukaushwa juu ya moshi, na ishirini tukawapeleka sokoni. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Kufika saa nne walikuwa wamekwisha, na Jumatatu niliingia darasani nikiwa na risiti.

Sikuelezi haya ili ukatege kesho. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, ingawa kijijini hakuna aliyehesabu kumnasa isindu kuwa uwindaji. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na si neno la kuchezea. Siigombi sheria hiyo. Ninachosema ni kwamba sioni kama vitundu kumi na viwili ndivyo vilivyomfukuza isindu. Tangu kiwanda cha Mumias kianze kusaga miwa mwaka 1973, mashamba ya wimbi yamepungua mwaka baada ya mwaka, na yaliyosalia tumeyagawa kwa wana na wajukuu mpaka hakuna anayeweza kulaza konde. Ndege wa nyasi atatua wapi? Juu ya bati?

Mjomba sasa amezeeka. Vitundu vimo jikoni kwa shangazi, juu, vimekuwa vyeusi kwa moshi, na ameniuliza mara mbili kama mwanangu angevitaka. Nimemjibu kwamba avichukue kama vyombo tu, bila ndege ndani. Hakupenda jibu hilo, ila hakubishana. Hategi tena, lakini masika hutoa kiti nje alfajiri, akakaa na blanketi mabegani. Mwaka jana nilipompigia simu mwezi wa Juni aliniambia amesikia wanne, mmoja wao akiitia mbali sana, upande ule ule wa reli.